Gitaa la Umeme Kisiwani: Anza na Soketi

Leo nataka kuzungumza na watu ambao ni nadra kuzungumzwa nao redioni: wale waliojinunulia gitaa la umeme kwa mapenzi tu. Mchana ni makarani bandarini Mombasa, wauza vitambaa Biashara Street, madereva wa tuktuk, walimu, wanafunzi. Usiku, baada ya isha, mtu anafunga mlango wa chumba chake na kufungua mkoba wa gitaa. Hana bendi, hana mkataba wa hoteli, harusini haitwi. Anapiga kwa kuwa nafsi yake imependa.

Watu hawa wana swali moja wanalouliza kila wakikutana: pedali ya kwanza ninunue ipi? Kwa asiyezijua, pedali ni kisanduku kidogo cha chuma kinachowekwa sakafuni, kati ya gitaa na amplifaya. Waya wa gitaa unaingilia ubavu wa kulia, unatokea ubavu wa kushoto, na ukikanyaga kitufe chake sauti inageuka. Ipo inayoikwaruza sauti, ipo inayoipa mwangwi, ipo inayolifanya gitaa moja lisikike kama mawili yanayoimba bega kwa bega. Zikiwa nyingi hupangwa juu ya ubao mmoja na kuunganishwa kwa nyaya fupi fupi, na ubao huo siku hizi ndio fahari ya mpiga gitaa wa nyumbani. Kijana wa Kibokoni anaziona kwenye simu mbao za wenzake wa London na Nashville, pedali kumi na mbili safu mbili, taa nyekundu na buluu zinawaka, na tangu usiku huo hana raha na kile alicho nacho.

Jibu langu ni hili, na nalisema nikiwa na hakika nalo. Kwa anayekaa katika kisiwa hiki cha Mvita, yaani Mombasa, pesa ya kwanza isiende kwenye pedali. Iende kwenye umeme. Ya pili iende kwenye waya na nyuzi. Pedali zije baadaye, tena chache, na zichaguliwe kwa sikio la pwani.

Nianze na umeme, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ni jambo la kufa na kupona. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zilijengwa kabla stima haijafika. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko. Nyaya zilikuja baadaye, zikapitishwa juu ya ukuta, na kila kizazi kikaongeza chake: mwenye nyumba soketi moja, mpangaji ekstensheni, mpangaji wa baada yake ekstensheni juu ya ekstensheni. Katika nyumba za namna hii unaweza kukuta soketi yenye matundu matatu, lakini lile tundu la juu, la waya wa ardhi, halikuunganishwa na kitu chochote.

Sasa litazame gitaa lako. Nyuzi zake ni za chuma, na chini ya lile daraja zinapofungwa upo waya mwembamba unaoziunganisha na jeki, lile tundu la kuchomekea kebo. Kutoka kwenye jeki njia inafuata kebo hadi kwenye bodi ya amplifaya, na kutoka hapo hadi pini ya tatu ya plagi. Maana yake ni kwamba mkono wako ulioshika nyuzi umeshika waya wa ardhi wa nyumba. Waya huo ukiwa mzima, uko salama, na hata kelele inapungua unapogusa nyuzi. Ukiwa haupo, na ndani ya amplifaya kukatokea hitilafu, stima ya volti 240 itatafuta njia ya kushuka ardhini, na njia iliyo karibu ni mwili wako, hasa ukiwa miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji ya pwani ambayo mwaka mzima haikauki sawasawa.

Hili limeua watu. Mwezi Mei 1972, mjini Swansea huko Wales, Les Harvey, mpiga gitaa Mskoti wa bendi ya Stone the Crows, aligusa maikrofoni jukwaani akiwa ameshika gitaa lake. Maikrofoni ile haikuwa na waya wa ardhi. Alifariki, na alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Hilo ni jukwaa lenye mafundi. Chumbani kwako huna fundi.

Kuna tabia moja ambayo kila anayenisikiliza ameiona, na huenda ameifanya. Umenunua kifaa chenye plagi ya pini mbili, soketi yetu ni ya matundu matatu, basi unachukua kijiti, au kalamu, unakisukuma kwenye tundu la juu ili vile vifuniko vya chini vifunguke, kisha unazipenyeza pini mbili. Kwa chaja ya simu watu wamezoea. Kwa amplifaya, nakuomba, usifanye hivyo kabisa. Wala usimruhusu mtu akate pini ya tatu kwa sababu eti mvumo umepungua. Amplifaya ya pini tatu iliwekewa tatu ili ikulinde.

Na huo mvumo wenyewe, ule unaosikika "mmm" unapowasha amplifaya kabla hujagusa uzi, una asili yake. Stima yetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na pikapu, zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, haziwezi kubagua. Zinapokea mtikisiko wa uzi, na zinapokea pia kile kinachotapakaa hewani kutoka kwenye nyaya za nyumba. Mwaka 1955 fundi wa kampuni ya Gibson, Seth Lover, alitafuta dawa yake: akaweka koili mbili zilizopindua mwelekeo, mvumo wa moja ukafuta mvumo wa nyingine, sauti ya uzi ikabaki. Gitaa lenye pikapu za aina hiyo linapumzisha masikio katika nyumba zenye nyaya za zamani, na mwenye kununua gitaa la kwanza hapa kisiwani ningemshauri alifikirie hilo kabla ya rangi na umbo.

Lakini jaribu kwanza jambo lisilo na gharama. Washa amplifaya, shika gitaa, uzime vitu vya chumbani kimoja kimoja. Zima taa ya mrija. Zima chaja ya simu. Kisha zima pangaboi. Swichi nyingi za pangaboi za siku hizi, zile za kuzungusha kupunguza mwendo, zinakatakata umeme ndani ili kupunguza nguvu, na kule kukatakata kunaingia kwenye gitaa kama mlio wa nyuki. Ukiliweka pangaboi kwenye mwendo wa juu kabisa mara nyingi mlio hupungua. Usogeze pia mwili wako. Geuka robo, geuka nusu, utasikia mvumo unapanda na kushuka. Wapo watu waliotumia pesa kubwa kununua pedali ya kuzuia kelele ilhali kelele yenyewe ilikuwa ikining'inia darini.

Kingine cha umeme ni adapta, na hapa ndipo pedali nyingi za Mombasa zinapofia. Pedali karibu zote za kawaida zinataka volti 9 za moja kwa moja, kama za betri, na ncha ya katikati ya kile kitundu iwe hasi. Geuza adapta yako utazame maandishi madogo ya nyuma: utaona duara, na kando yake alama ya kujumlisha na ya kutoa. Fuata kistari kinachotoka kwenye nukta ya katikati. Kikifika kwenye alama ya kutoa, hiyo inafaa. Kikifika kwenye alama ya kujumlisha, iweke mbali. Adapta za modemu za intaneti, ambazo zimejaa majumbani, nyingi ni za volti 12 na katikati ni chanya. Adapta za vinanda vingi vya harusini ni hivyo hivyo. Kichwa chake kinaingia kwenye pedali vizuri kabisa, kama kimepimwa kwa ajili yake, taa haiwaki, kisha panatoka harufu ya kuungua.

Tazama pia namba ya miliampia. Pedali rahisi ya mkwaruzo hula chini ya 10. Pedali ya dijitali ya mwangwi yaweza kula 50 au 100, na ile mashine kubwa yenye sauti mia ndani yake hula mamia. Jumlisha mahitaji ya pedali zako, na adapta iwe na uwezo unaozidi jumla hiyo. Adapta kubwa haidhuru. Pedali huchukua kinachoitosha. Ndogo ndiyo mbaya, maana hupata moto na sauti hukoroma. Kwa mwenye uwezo, kile kisambazaji cha umeme ambacho kila tundu lake limetengwa na mwenzake ndani kwa ndani ni bora kuliko adapta moja iliyotawanywa kwa waya wenye vichwa vitano. Ukiniuliza kati ya pedali nzuri ya tatu na kisambazaji hicho, nitakwambia chukua kisambazaji.

Na vyombo vya mitumba vinavyoshuka bandarini Kilindini, au vinavyoletwa na ndugu kutoka ng'ambo? Soma nyuma ya amplifaya kabla ya kuichomeka. Iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani huandikwa volti 120. Ya Japani volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wetu umeiunguza kabla hujapiga noti. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na transfoma iwe na uwezo wa wati za kutosha. Baadhi ya amplifaya zina swichi ya kuchagua volti kwa nyuma. Mwombe fundi aigeuze, na fyuzi ibadilishwe pia ilingane nayo.

Baada ya stima, adui wa pili ni chumvi. Uwe upepo wa kusi au wa kaskazi, bahari imetuzunguka pande zote, na hewa yetu ina maji na chumvi ndani yake. Chukua pedali iliyokaa mwaka mmoja karibu na dirisha linalotazama bandari ya kale, fungua skrubu nne za chini. Vichwa vya skrubu vimeshakuwa vya kahawia. Kile kishikizo cha betri kimeota unga wa kijani. Ulimi wa jeki, kile kibati kinachokumbatia ncha ya kebo, umepoteza mng'aro na una madoa. Ukizungusha kitasa cha sauti kinatoa "khrr, khrr" kwenye spika. Mwenye pedali ataapa kwamba imekufa, ataitupa kabatini, atanunua nyingine. Kumbe haikufa. Fundi wa redio atachovya brashi laini kwenye spiriti, atasugua ule unga wa kijani mpaka shaba ionekane, atapuliza dawa ya kusafishia kontakti ndani ya kitasa na kukizungusha mara kadhaa, atakaza nati ya jeki, na pedali itaimba.

Mafundi hawa bado wapo, Mji wa Kale na mitaa ya jirani, wenye meza ndogo mlangoni na chuma cha lehemu kinachofuka moshi. Ni watu waliolelewa kwenye redio za transista na kaseti, na ndani ya pedali kuna transista zile zile, kapasita zile zile. Wapelekeeni kazi. Mkinunua kebo, nunueni yenye vichwa vinavyofunguka kwa kuzungusha, msinunue vile vilivyomiminiwa plastiki, ili waya ukikatika fundi atie lehemu na kebo iendelee na maisha. Na isiwe ndefu. Chumbani mita tatu zinatosha. Kebo ndefu hula zile sauti nyembamba za juu, kwa sababu waya wenyewe una tabia ya kapasita, na kadiri unavyorefuka ndivyo unavyozidi kuzimeza. Mtu analalamika gitaa lake limefifia, anatafuta pedali ya kuling'arisha, na ugonjwa uko kwenye kebo ya mita kumi aliyoikunja chini ya kitanda.

Nyuzi nazo, jamani, zifuteni. Kila ukimaliza kupiga chukua kitambaa kikavu cha pamba, hata kipande cha kanga kuukuu, ukipitishe juu ya kila uzi na chini yake. Jasho na hewa ya chumvi hufanya kutu upesi sana hapa. Zile nyuzi zilizopakwa utando mwembamba ni ghali kidogo, lakini kwa pwani bei yake inarudi. Usilitundike gitaa kwenye ukuta wa chokaa, maana chokaa huvuta maji. Liache ndani ya mkoba pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu.

Haya. Umeme umetulia, kebo ni nzima, nyuzi zinang'aa. Sasa pedali. Na hapa nataka tusikilize kabla ya kununua, kwa sababu mji huu una historia yake ya gitaa la umeme na historia hiyo inatoa mwongozo.

Mzee Fundi Konde, aliyezaliwa pwani mwaka 1924 na kupelekwa Asia na jeshi wakati wa vita vya pili vya dunia kuwatumbuiza askari, anatajwa miongoni mwa watu wa kwanza Kenya kurekodi kwa gitaa la umeme. Msikilize. Hakuna mkwaruzo, hakuna mbwembwe. Kuna kodi tamu zenye harufu ya jazi, na kila noti imesimama peke yake. Mwaka 1971 ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walivuka mpaka wakaja Mombasa, na Simba Wanyika ikazaliwa. Mwaka 1972 vijana wa ukoo wa Harrison wakaanzisha hapa hapa bendi iliyokuja kuitwa Them Mushrooms, wakapiga mahotelini, na mwaka 1982 wakatoa "Jambo Bwana", wimbo wa Teddy Kalanda Harrison ambao mgeni yeyote wa pwani hutua nao nyumbani kwao. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, mmoja wa wapiga solo wakubwa waliopata kutokea Afrika Mashariki, alikuwa Mombasa alipopata ajali ya gari iliyomtoa duniani Januari 1979.

Hata nje ya muziki wa dansi Mombasa haikuwa ngeni kwa nyuzi zenye umeme. Taishokoto, chombo kilichobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, chenye vitufe vya kubonyeza mfano wa taipureta, kilipata makao kwenye taarab ya hapa. Kikapitishwa kwenye amplifaya, na katika nyimbo za Bi Zuhura Swaleh kikawa ndicho chombo kinachoongoza. Mlio wake ni mkali na mkavu, na unakata hata katikati ya vigelegele.

Lakini mfano ninaotaka kukaa nao ni Les Wanyika, waliojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978, na ule wimbo wao "Sina Makosa". Weka masikio kwenye magitaa tu, sahau maneno. John Ngereza yuko kwenye solo, Omar Shabani, aliyeitwa Profesa Omar, yuko kwenye ridhimu, Tom Malanga kwenye besi. Ridhimu haijazi nafasi yote. Inapiga, inaacha pengo, na katika pengo lile solo inachomeka noti zake mbili tatu, kisha besi inaingia pale ambapo wote wawili wamenyamaza. Ni mkeka unaosukwa na mikono mitatu. Utamu wote uko kwenye yale mapengo.

Ndiyo maana nasema pedali chache. Ukitia mwangwi mrefu unaorudia mara tano, yale marudio yanaenda kukaa kwenye mapengo, na ususi unafumuka. Ukitia mkwaruzo mzito, noti mbili zilizokuwa zinasikika mbalimbali zinakuwa uji. Pedali hizi si mbaya; zilibuniwa kwa muziki mwingine, wenye gitaa moja au mawili yanayotaka kujaza ukumbi mzima. Pedali ya mkwaruzo yenyewe ilianzia kwenye hitilafu: mwanzoni mwa miaka ya 1960 Nashville, katika wimbo wa Marty Robbins, chaneli mbovu ya meza ya kurekodia iliichafua sauti ya gitaa la Grady Martin, watu wakaipenda, na mwaka 1962 kampuni ya Maestro ikauza kisanduku cha kuitengeneza makusudi. Anayependa roki, na Mombasa wapo, anunue wake apige kwa raha.

Kwa anayetaka sauti ya kwetu, ubao wangu una pedali tatu. Ya kwanza ni ya kupimia nyuzi, ikae mwanzo kabisa. Gitaa lisilo sawa hakuna pedali inayoliokoa, na joto letu huzilegeza nyuzi kila saa. Ukipata ile ambayo hata ikizimwa bado inaipa sauti nguvu ya kusafiri kwenye waya, kama zilivyo za kampuni ya Boss, ni faida juu ya faida. Ya pili ni korasi. Hii huchukua sauti yako, ikatengeneza nakala, ikaichelewesha nakala hiyo kwa sehemu ndogo mno ya sekunde na kuiyumbisha juu na chini, ndipo gitaa moja likasikika mawili. Kampuni ya Roland waliitia ndani ya amplifaya yao ya Jazz Chorus mwaka 1975, na mwaka uliofuata ikatoka kama pedali, Boss CE-1. Ule mng'aro wa maji maji unaousikia kwenye rekodi nyingi za miaka ya 1980, za Kongo na za Afrika Mashariki, una mkono wa korasi. Iweke chini chini. Ukiweza kuitambua sana ujue umezidisha. Ya tatu ni mwangwi mfupi, wa rudio moja au mawili, au ule mwangwi wa ukumbi ambao pengine umo tayari ndani ya amplifaya yako, na kama umo huna haja ya kununua.

Kama baadaye utataka mkwaruzo mwepesi wa kuichochea sauti ya solo, uweke kati ya pedali ya kupimia na korasi, kwa sababu mwangwi ukikwaruzwa huchafuka, ila mkwaruzo ukipewa mwangwi hupendeza. Upangaji wenyewe hauna mengi zaidi ya hayo, ingawa watu wanaujadili usiku kucha.

Ubao usiagize kutoka nje. Sisi ni watu wa mbao. Mwendee seremala, mwambie akutengenezee vipande viwili vya mbao nyepesi vilivyoachana kidogo, nyaya zipite katikati, upande wa nyuma uinuke kuliko wa mbele ili mguu ufike, na chini aache nafasi ya kufungia adapta. Mbao aipige vanishi pande zote, hata chini, kwa sababu ya huo huo unyevu. Pedali zishike kwa ule utepe wa kubandika na kubandua. Mwambie urefu usizidi mkono wako mmoja, na ufupi huo utakuzuia kununua usichokihitaji.

Jambo la majirani nalo siwezi kulipita. Kuta za Mji wa Kale ni nene lakini vichochoro ni vyembamba, na dirisha lako linatazamana na la bibi wa watu. Amplifaya ya wati 10 inatosha na kubaki. Ikiwa na tundu la kusikilizia masikioni, usiku tumia hilo. Adhana ikianza, zima. Na mwezi wa Ramadhani, watu wakiwa kwenye tarawehe, liache gitaa bila umeme, ufanye zoezi la mkono wa kulia kwa nyuzi kavu. Nimewasikia wazazi wakisema gitaa litamharibu mtoto. Kijana anayejua kuzima chombo chake kwa heshima ya wenzake atawatoa wazazi hao wasiwasi.

Na zoezi hilo la mkono ndilo lenye uzito kuliko vyote nilivyovitaja. Mkono wa ridhimu wa Profesa Omar hauuzwi dukani. Unafunzwa na mtu anayeujua, uso kwa uso, kwa kutazama kiganja kinavyolala juu ya nyuzi kuzinyamazisha na kinavyoinuka.

Kwa hiyo nina maombi mawili jioni hii. Kwako kijana: kabla hujatoa shilingi ya pedali, mwite fundi umeme mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA, apime soketi ya chumba chako kama waya wa ardhi unafanya kazi, na kama nyumba ni ya kupanga, zungumza na mwenye nyumba kwa adabu umweleze kwamba ni usalama wa nyumba yake pia. Na kwenu wazee wetu mliopiga gitaa kwenye mahoteli ya pwani miaka ya 1970 na 1980, mlioko Kisauni, Likoni, Changamwe, na hapa kisiwani: vijana hawa wana vyombo vizuri kuliko mlivyokuwa navyo ninyi, na hawana wa kuwaonyesha mkono wa ridhimu. Wakija kugonga mlango, wafungulieni.